Kutoka Kusoma hadi Kuokoka: Safari ya Maneno ya Uzima Mpya katika Ukristo wa Kiswahili

Mkristo wa Afrika ya Mashariki anapotaka kueleza kwamba maisha yake yamegeuka na kuanza upya, neno la kwanza kumjia kinywani ni "nimeokoka". Tumelizoea mno hata hatulishangai, lakini linastahili kushangaza. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, inaposimulia mazungumzo ya Yesu na Nikodemo katika sura ya tatu ya Injili ya Yohana, inaueleza mwanzo wa uzima mpya kwa lugha ya kuzaliwa mara ya pili. Wakristo wasemao Kiingereza waliishika lugha hiyo ya kuzaliwa, wakaifanya jina la kujitambulisha. Wasemaji wa Kiswahili wanaisoma, wanaihubiri, wanaiimba. Lakini mtu anapojitaja nafsi yake, anaiacha kitabuni na kuchukua kitenzi kingine.

Hata hicho kitenzi kingine hakikuwa cha kwanza. Kabla mtu hajaitwa "aliyeokoka", aliitwa "msomaji". Katika kizazi cha kwanza cha Ukristo wa bara, kuingia katika imani mpya kulikuwa ni kusoma. Makala haya yanafuatilia njia iliyotoka kwenye kitenzi soma hadi kwenye kitenzi okoka, yakidai kwamba badiliko hilo halikuwa la msamiati tu. Lilitokana na malalamiko ya watu waliokuwa wamepewa kitabu, wakakisoma, kisha wakaona kwamba kusoma peke yake hakukuwapa kile ambacho kitabu chenyewe kiliahidi.

Kitabu na wenye lugha

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Kazi ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo ilikuwa imekwisha kuanza, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa mambo ya Mashariki. Maandiko ya Kikristo kwa Kiswahili yalianza, basi, mezani pa mtu ambaye hakuwa Mkristo wala hakukusudia kuwa. Hali haikubadilika sana nusu karne baadaye, pale William Taylor alipokuwa akifanya kazi ya Kimvita: mwalimu wake mkubwa wa lugha alikuwa Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa na Mwislamu.

Jambo hili hutajwa mara nyingi kama kisa cha pembeni. Mimi naliona kuwa ndio mzizi wa mambo yote yaliyofuata. Watafsiri hawakuikuta lugha tupu. Waliikuta lugha iliyokuwa na dini tayari, yenye toba, rehema, neema, imani, dhambi, mtume, nabii na malaika, na kila neno likiwa na nyumba yake ya zamani. Hata kitenzi soma kilikuwa na nyumba yake. Mtoto wa pwani alisoma chuoni, na chuo katika Kiswahili cha zamani ni kitabu chenyewe kabla ya kuwa mahali. Kusoma kulikuwa ni kutoa sauti, kukariri mbele ya mwalimu, na kuhitimu. Hapakuwa na mpaka mkali kati ya kujua herufi na kushika dini. Aliyesoma alikuwa ameingia katika mwenendo fulani wa maisha.

Maana hiyo ndiyo iliyosafiri kwenda bara. Misheni ya Vyuo Vikuu ilihamia Unguja mwaka 1864, ikaanza kazi na watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akaweka mtambo wa kuchapa, na baadhi ya wavulana hao wakajifunza kupanga herufi. Agano Jipya la Kiunguja lilitoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na Biblia nzima mwaka 1891. Mmoja wa wavulana waliolelewa na misheni hiyo, Dallington Maftaa, alifika Buganda mwaka 1875 pamoja na msafara wa Henry Stanley, akabaki katika jumba la Kabaka Mutesa kumsomea Maandiko. Kijana aliyetoka utumwani, mwenye karatasi za Kiswahili mkononi, ndiye aliyekuwa sauti ya Injili katika jumba hilo miaka miwili kabla ya wamisionari wa kwanza kuwasili. Wamisionari walipokuja, Alexander Mackay miongoni mwao, walitumia tafsiri za Kiswahili za Steere kwa kuwa hapakuwa bado na za Kiganda, na Kiswahili kilikuwa kinafahamika katika jumba la Kabaka.

Huko ndiko neno soma lilikopata maisha yake mapya. Kwa Kiganda okusoma kukawa ni kusoma na kusali pia. Wakristo wakaitwa abasomi. Vijana waliouawa kwa ajili ya imani kati ya 1885 na 1887 walikuwa wasomaji, na hivyo ndivyo walivyojulikana mjini. Katika nchi ya Wakikuyu neno lilelile lilifika likiwa limevaa matamshi ya huko, gũthoma, na wafuasi wa misheni wakaitwa athomi. Kwa Kianglikana cha Buganda jambo hili lilikuwa pia kanuni ya kanisa: mtu hakubatizwa kabla ya kuonyesha kwamba anaweza kujisomea Injili, isipokuwa awe mzee sana au kipofu.

Kwa hiyo, mwanzoni hapakuwa na haja ya kitenzi kingine. Anayesoma alikuwa ameacha upande mmoja na kuhamia upande wa pili. Waraka wa kwanza wa Petro unasema kwamba waumini wamezaliwa kwa mbegu isiyoharibika, nayo ni neno la Mungu. Kwa kizazi kile hii haikuwa tamathali ya mbali. Neno lilikuwa karatasi, karatasi ilikuwa haba, na aliyeishika aliweza kufa kwa ajili yake.

Uzima, ukombozi, wokovu

Kabla ya kuendelea ni lazima tutazame maneno ambayo karatasi hizo zilibeba. Kwa lile ambalo lugha za Ulaya huliita kwa neno moja tu, Kiswahili kilikuwa na matatu. Maisha ni jinsi mtu anavyoishi na anavyopata riziki yake, na asili yake ya Kiarabu inaelekea upande huohuo. Uhai ni ile hali ya kutokuwa maiti. Uzima ni zaidi ya yote mawili: mtu mzima ni mtu mwenye afya, ni mtu aliyekomaa, na kitu kizima ni kitu kisichovunjika wala kupungua. Watafsiri wa Agano Jipya walipochagua uzima kwa ahadi ya milele, walimpa msomaji wa Kiswahili kitu ambacho lugha zao wenyewe hazikuwapa. Uzima wa milele kwa Kiswahili si urefu wa siku peke yake, ni ukamilifu wake pia. Anayesalimiwa asubuhi kwa kuulizwa kama yu mzima anaulizwa, bila mwenye kuuliza kukusudia, kwa neno la Injili ya Yohana.

Agano la Kale nalo lilipewa kitenzi huisha, chenye nasaba na hai na uhai. Katika Zaburi ya 119, wimbo mrefu unaosifu sheria ya Mungu kutoka herufi ya kwanza ya Kiebrania hadi ya mwisho, mwombaji anarudia ombi la kuhuishwa, na mara kwa mara analifunga ombi hilo na neno la Mungu. Yuko mavumbini, na anachoomba kimtoe humo ni kile alichokisoma. Sijui andiko jingine ambamo kusoma na kufufuka vimekaribiana namna hiyo.

Kwa tendo la kutolewa katika hatari kulikuwa na vitenzi viwili vyenye mzizi wa Kibantu, komboa na okoa. Komboa ni kulipa ili kitu au mtu arudi: kilichowekwa rehani hukombolewa, mateka hukombolewa. Okoa hakitaji malipo; kinataja hatari na kutoka ndani yake. Unguja ya miaka ya 1870 haikuhitaji mhubiri wa kueleza tofauti hiyo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali palepale siku ya Krismasi ya mwaka huo. Waliokaa ndani ya kanisa hilo wakisikia juu ya ukombozi walikuwamo wenye kujua bei zao. Ningetarajia, kwa sababu hiyo, kwamba komboa ndicho kitenzi kitakachoshinda katika kinywa cha muumini, na kwamba Wakristo wa Kiswahili wangejiita waliokombolewa. Haikuwa hivyo. Ukombozi ulikwenda zake katika mahubiri rasmi, na karne iliyofuata ukachukuliwa na siasa za uhuru, ambako ungali unakaa hadi leo.

Mara ya pili, au kutoka juu

Neno la Kigiriki ambalo Yesu analitumia kwa Nikodemo, anōthen, lina maana mbili: tena, na kutoka juu. Mwandishi wa Injili anazichezea zote mbili. Nikodemo anaisikia maana ya kwanza, ndiyo maana anauliza kama mtu mzima aweza kurudi tumboni. Yesu anaendelea kuzungumza juu ya Roho na upepo na mambo ya mbinguni, yaani maana ya pili. Mtafsiri wa lugha yoyote isiyo na neno lenye maana zote mbili analazimika kuchagua. Biblia ya Muungano ilichagua "mara ya pili", na Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990, ikachagua "upya". Katika mstari wa 31 wa sura hiyohiyo, ambapo neno lilelile la Kigiriki linamhusu yeye ajaye kutoka mbinguni, Biblia ya Muungano inasema "kutoka juu".

Uamuzi huo hauna kosa. Ukiandika "kutoka juu" katika mstari wa tatu, swali la Nikodemo linakuwa la mpumbavu. Ukiandika "mara ya pili", swali lake lina akili. Lakini gharama yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili anakutana na hesabu. Kuna mara ya kwanza na kuna ya pili, na mkazo unaangukia juu ya idadi kuliko juu ya mahali uzazi huo utokako. Waraka kwa Tito unaimarisha hesabu hiyo kwa kusema juu ya kuzaliwa kwa pili. Waraka kwa Warumi unaifungua kidogo kwa upya wa uzima. Waraka wa pili kwa Wakorintho unaiacha kabisa na kutaja kiumbe kipya. Msomaji makini angeweza kuyaunganisha haya yote. Tatizo ni kwamba msomaji makini, kufikia miaka ya 1920, alikuwa amepungua.

Wasomaji waliosinzia

Kusoma kulikuwa kumefanikiwa mno. Watoto na wajukuu wa wasomaji wa kwanza walikuwa makarani, walimu, machifu na wenye mashamba. Cheti cha ubatizo kilikuwa karibu sawa na cheti cha shule. Kitenzi soma, kilichowahi kumaanisha hatari ya kufa, kilianza kumaanisha ajira, na kanisa lililojengwa juu ya kitenzi hicho likajaa watu wenye majina ya Biblia ambao hapakuwa na kitu kingine cha kuwatofautisha na jirani zao. Dalili zilikuwa zimeonekana mapema. Mwezi Desemba 1893, George Pilkington, mtafsiri mkuu wa Biblia ya Kiganda, alikwenda kisiwa cha Kome akiwa amekata tamaa na huduma yake mwenyewe, akarudi akiwa mtu mwingine baada ya kusoma kijitabu cha mwinjilisti mmoja wa Kitamil. Mtu aliyeitia Biblia nzima katika Kiganda alikiri kwamba alikuwa hajaguswa vya kutosha na alichokitafsiri. Ni ungamo zito, na sisi tunaofanya kazi ya lugha tungefanya vyema kulitazama mara mbili.

Mwamko mkubwa ulikuja kizazi kimoja baadaye. Joe Church alikuwa daktari wa misheni huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya njaa kali. Mwezi Septemba 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye elimu na mtumishi wa serikali, aliyekuwa na njaa ileile. Siku mbili walikaa na Biblia, wakifuata rejeo moja baada ya jingine katika yote yanayosemwa juu ya Roho Mtakatifu. Hawakupata kitabu kipya, wala tafsiri mpya, wala fundisho ambalo kanisa lao lilikuwa halijawahi kulitamka. Walisoma tena yaliyokwisha kusomwa. Kutoka hapo moto ulikwenda Gahini, ambako ndugu wa Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa akihudumu. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, akiliachia Kanisa la Uganda neno moja la Kiganda lililokuwa wito na shutuma kwa pamoja: Zuukuka, amka. Kiswahili kikalijibu kwa nomino uamsho, iliyoundwa kutokana na amsha, na ndilo jina ambalo jambo zima limebaki nalo.

Ilikuwa amka, si soma, wala si jifunze. Wito huo haukuwaendea wapagani. Uliwaendea waliokwisha batizwa. Ulidai kwamba mtu aweza kuisoma Injili akiwa usingizini. Mwaka 1941 madai hayo yalizaa mgogoro wa wazi huko Mukono, ambapo wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa kazi ya kanisa, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa chuoni. Kilichogombaniwa kilikuwa, kwa sehemu kubwa, namna ya kusoma: je, Maandiko yasomwe kama somo lenye mtihani, au kama sauti inayomtaja msomaji kwa jina?

Vikundi vya uamsho vilifika Kabete, Kenya, mwaka 1937, na Tanganyika magharibi kabla ya miaka ya 1930 kwisha. Mtu wa Kigezi alikutana na Mkikuyu, na Mhaya akakutana na Mgogo. Waliimba kiitikio cha Kiganda bila kukitafsiri, lakini walipokaa kushuhudia walihitaji lugha moja, na kwa Kenya na Tanganyika lugha hiyo mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alifundisha Dodoma miaka mingi na kuhubiri kwa Kiswahili. Ni katika mikutano ya namna hiyo, zaidi ya katika kamati yoyote ya tafsiri, kwamba msamiati wa uzima mpya ulipangwa upya.

Kwa nini okoka

Sababu ya kwanza ni nyepesi. Zaliwa hakiwezi kusimama peke yake. Mtu akisema "nimezaliwa", utamwuliza wapi. Ni lazima aburute nyuma yake "mara ya pili", na maneno matatu hayageuki kwa urahisi kuwa jina la kundi. Nomino yake, uzazi, tayari ina kazi yake katika wodi ya akina mama. Okoka, kinyume chake, ni neno moja linalojitosheleza, lenye wokovu na Mwokozi pembeni yake.

Sababu ya pili ni ya sarufi, na hapa ndipo penye utajiri. Okoka ni kauli ya kutendeka ya okoa, kama ng'oka kwa ng'oa na bomoka kwa bomoa. Kauli hiyo haimtaji mtenda. Inataja hali ya kitu baada ya kutendwa. Tena, kiambishi -me- kikiwekwa juu ya kitenzi cha namna hii hakisimulii tukio lililopita tu. Kinatangaza hali iliyopo sasa. Nguo zimekauka maana yake zishike, ni kavu. Amelala maana yake usimwamshe. Nimeokoka, basi, si habari ya jambo lililonipata zamani. Ni tangazo la jinsi nilivyo wakati ninaposema.

Tukirudi katika Biblia ya Muungano tunaona kwamba haikuwa na msimamo mmoja juu ya nyakati. Waraka kwa Waefeso una "mmeokolewa", kauli ya kutendwa yenye -me-. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho una "tunaookolewa", jambo linaloendelea. Injili ya Mathayo, kwa mwenye kuvumilia hadi mwisho, ina "atakayeokoka". Wakati uliopo, uliotimia na ujao vyote vimo, kama vilivyomo katika Kigiriki. Watu wa uamsho walichukua kitenzi cha Mathayo na wakati wa Waefeso, wakaviunganisha. Umbo "nimeokoka" ni tafsiri yao wenyewe, iliyofanywa kwa kinywa.

Wazee wengi wa kanisa walikasirika, na ni haki kuwasikiliza. Waliuliza ni nani awezaye kusema kabla ya Siku ya Hukumu kwamba ameokoka. Kwao nafasi ya kitenzi hicho ilikuwa katika -ta-, na kukileta katika -me- kulikuwa majivuno. Walikuwa na andiko. Wenzao nao walikuwa na andiko. Ugomvi ambao kwa nje ulionekana kuwa wa kizazi na kizazi, au wa makasisi na walei, ulikuwa kwa ndani ugomvi wa kiambishi kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo kauli ya kutendeka ililificha na ambalo uamsho ulilazimika kulirudisha. Ikiwa okoka haimtaji mtenda, nani ameokoa? Hapa ndipo ushuhuda ulipofanya kazi. Neno lenyewe ni la mzizi uleule wa shahada, ambayo kwa Mwislamu ni tamko moja, fupi, lisilobadilika, linalomwingiza mtu katika imani. Ushuhuda wa uamsho ulikuwa kinyume chake kwa umbo: hadithi ya mtu mmoja, ndefu au fupi, yenye dhambi zilizotajwa waziwazi, deni lililolipwa, ng'ombe aliyerudishwa kwa mwenyewe, mke aliyeombwa radhi mbele ya watu. Ndani ya hadithi hiyo kitenzi kiligeuka tena kuwa cha kutenda, na Yesu akawa kiima chake. Msikilizaji alisikia "nimeokoka" mwanzoni na "ameniokoa" mwishoni. Sarufi ilikuwa imeacha pengo, na ibada ikalijaza.

Watu hao walisisitiza pia kwamba ushuhuda uwe wa leo. Aliyesimama na kueleza kwamba aliokoka mwaka fulani, akaishia hapo, aliulizwa habari ya wiki hii. Nalichukulia sisitizo hilo kuwa ni ulinzi wa -me- dhidi ya -li-. Walijua, bila kufundishwa isimu, kwamba hali ikigeuka kuwa tarehe imekwisha kufa.

Ulinzi huo haukufaulu kila mahali. Wakati wa Mau Mau, baada ya 1952, walikuwapo Wakikuyu wa uamsho waliokataa kula kiapo na wakakataa vilevile kubeba silaha za serikali, na wengine wao wakauawa kwa ajili hiyo. Askofu mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin mwezi Februari 1977. Kwa hawa -me- ilisimama. Lakini Gahini yenyewe imo katika nchi ambayo mwaka 1994 makanisa mengi yaligeuka mahali pa mauaji, na mwanahistoria wa uamsho hawezi kuanza kisa kwa Gahini ya 1929 kisha afumbe macho kabla ya kufika huko. Miongoni mwa waliouawa na miongoni mwa waliowaficha wenzao walikuwapo watu wa uamsho. Waliotaka kujua jinsi nchi iliyojaa Wakristo ilivyofika hapo wamelazimika kuuliza ni wangapi walikuwa wakisema "nimeokoka" kwa maana ya "niliokoka".

Neno baada ya uamsho

Tangu hapo okoka imetembea sana. Kiganda kilikuwa na neno lake lenye nasaba na hilo, na wafuasi wa uamsho waliitwa balokole. Kiswahili kikaliazima kwa umbo la mlokole na walokole. Sasa tuna majina mawili kwa mtu mmoja, na hayako sawa. "Ameokoka" husemwa na mwenyewe au na ndugu zake. "Ni mlokole" husemwa mara nyingi na mtu wa nje, na ndani yake mna tabasamu kidogo, wakati mwingine pamoja na heshima: mpe fedha akutunzie, usimwalike kwenye pombe. Makanisa ya Kipentekoste yaliyoenea baadaye yamelirithi neno bila kurithi daima ule mkutano wa kila wiki uliokuwa ukilipima.

Badiliko jingine limetokea kimyakimya nje ya makanisa. Magazeti yetu, yanapoeleza juu ya abiria waliotoka hai katika ajali ya basi, huandika kwamba walinusurika. Okoka kingefaa vizuri, nacho kilikuwa kikitumika hivyo. Lakini inaelekea mhariri anaogopa msomaji atadhani ajali iliishia kwenye mahubiri. Kitenzi kilichotoka mtaani kwenda kanisani hakikurudi.

Katika sura ya kumi na sita ya Matendo ya Mitume, mlinzi wa gereza la Filipi, ambaye ardhi imetetemeka chini yake na upanga wake ulikuwa tayari umechomolewa ili ajiue, anawauliza Paulo na Sila afanye nini apate kuokoka. Kwa wavulana wa Kiungani, na kwa Dallington Maftaa alipokuwa akisoma katika jumba la Kabaka, swali hilo lilikuwa bado na pande zote mbili: roho yake, na shingo yake. Msomaji wa leo anausikia upande mmoja tu.